Ukuta Nilioufungia Kufuli

Kufuli bado ninalo. Liko mezani hapa Butembo, juu ya rundo la madaftari, na wachache wanaonitembelea huniuliza kwa nini mwalimu mzee anaweka kufuli lenye kutu mahali ambapo wengine huweka picha za wajukuu. Wajukuu sina. Kufuli nililinunua kwa ajili ya nyumba moja ya udongo na majani kule vilima vya Masereka, na ni mimi niliyeiua nyumba ile. Nasema hivyo tangu mwanzo ili msomaji asinihurumie mapema.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ile ya mwisho ya utawala wa zamani, zaidi ya miaka thelathini baada ya uhuru, parokia ilitaka kuandika historia ya vilima vyetu kwa ajili ya jubilei. Kila aliyeombwa alikuwa na shughuli. Walinipa kazi mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mke wa kunizuia. Basi kila likizo nilipanda milima na daftari na kamba ya kupimia, nikauliza wazee nani alijenga kikanisa hiki, nani alichimba njia ile, shule ya kwanza ilisimama wapi. Nilipima vibanda. Nilichora milango, mafiga, na jinsi matete yalivyofungwa kwenye miti kabla ya kukandikwa. Watu walicheka wakachoka. Wafanyabiashara wa Butembo wakati ule walikuwa wanashindana kupandisha magorofa ya matofali, na hakuna aliyejivunia nyumba ya mama yake ya matope. Mmoja aliniuliza kama ninaandika orodha ya umaskini. Nilimjibu vibaya, na tangu siku hiyo hakunialika tena kwake.

Lakini sikuwa natafuta vibanda tu, na lazima nieleze.

Nilizaliwa Beni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mpole aliyewapenda madereva wake kuliko malori yake. Siku ya uhuru lori lilipambwa kwa majani ya migomba, na baba akaninyanyua akaniketisha juu ya boneti ili nione watu. Boneti ilikuwa ya moto, ikaniunguza mapaja, lakini sikulia kwa sababu kila mtu alikuwa anaimba. Hiyo ndiyo picha kamili ya mwisho niliyo nayo ya baba. Nyingine zote ni vipande: mkono kwenye usukani, harufu ya mafuta, kikohozi chake asubuhi.

Miaka michache baadaye uasi ulifika kwetu. Baba alikuwa kusini na lori. Lori lilionekana ng'ambo ya Lubero, limeachwa kando ya barabara, halina tairi, halina mzigo, wala halina baba. Tajiri wake alikuja mwenyewe kutuambia. Aliketi mkekani nje, kofia yake magotini, na mama hakumharakisha.

Tangu hapo kulikuwa na hadithi mbili mjini. Ya kwanza ilisema baba aliacha lori akaanza kurudi kwetu kwa miguu, akafia njiani. Ya pili ilisema alishuka ziwani akavuka kwenda Uganda, ambako alikuwa na mwanamke, na kwamba bado anaishi huko na watoto wengine. Mama aliamini ya kwanza. Mimi nilikuwa naamini ya kwanza nikiwa nyumbani na ya pili nikiwa shuleni, ambako wenzangu walinisimulia vizuri zaidi. Nilipopata kazi Butembo nilimwomba mama tuhamie wote. Alikataa. Akasema baba akirudi atatukuta wapi? Alifia katika nyumba ile ya vyumba viwili, hajabadili hata upande mlango unakofungukia.

Sasa turudi Masereka. Kwenye kilima kimoja nilielekezwa nyumba ya katekista wa zamani. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, lakini mjane wake alikuwapo, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye kilima kizima kilimwita mukaka, yaani bibi. Nami nikamwita hivyo. Nyumba yao ilikuwa imejengwa na watu wa kilima kabla ya uhuru: miti, matete, udongo, majani juu. Mchana ilikuwa shule ya katekisimu, usiku wenye nyumba walilala humo. Moto uliwaka katikati, na kwa kuwa hapakuwa na dirisha la maana, moshi ulipanda ukakaa darini, ukatoka taratibu kupitia majani. Macho yaliniwasha nikalalamika. Mukaka alinipa viazi vya kuchoma, akaendelea na kazi yake.

Nilipozoea giza niliona ukuta wa nyuma. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, na juu yake kulikuwa na mikwaruzo. Nikapitisha vidole. Yalikuwa majina.

Mukaka akanieleza. Wakati wa uasi watu wengi walikimbia kupitia kilima kile, na mume wake hakumfukuza mtu. Kila aliyelala pale aliandikwa jina ukutani kwa msumari, ili kama hafiki aendako, awepo mtu mmoja duniani wa kusema kwamba siku fulani alikula na akalala. Asubuhi, mgeni akiondoka, katekista aliongeza kando ya jina lake neno moja la makaa: mahali anakokwenda. Makaa, si msumari. Wenye silaha wakija kuuliza majina yale, angesema ni wanafunzi wa ubatizo. Lakini njia za watu alitaka aweze kuzifuta kwa kiganja kimoja.

Nilihesabu majina arobaini na mawili, nikayaandika yote daftarini kwa kuyapapasa. La thelathini na sita lilikuwa la baba yangu. Majina yake yote mawili, na chini yake neno "dereva", lenye herufi moja iliyopinda kwa sababu msumari ulikutana na kijiwe.

Niliketi chini. Mukaka aliniuliza kama ni moshi, nikasema ndiyo, ni moshi.

Kando ya jina, mahali pa neno la makaa, palikuwa peusi tu. Makaa, na juu yake masizi ya miaka thelathini. Kutoka kilima kile kuna njia mbili: moja inakwenda Butembo na kuendelea hadi Beni, kwetu, nyingine inateremka kuelekea ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda. Katekista alikuwa ameandika mojawapo. Neno lilikuwa pale, mbele ya pua yangu, chini ya weusi. Nilimuuliza mukaka kama anakumbuka dereva. Akasema madereva walipita wengi, na yeye kusoma hajui. Majina aliyajua kwa mahali pake tu, kama mume wake alivyomfundisha. Kila jioni akipanga kuni, alianza upande wa mlango akawasalimu mmoja mmoja, akaishia kwenye pembe. Maneno ya makaa hakufundishwa.

Ningeweza kuchukua kitambaa chenye maji nijaribu. Nilijiambia kwamba maji yangefuta masizi na makaa pamoja, na huenda ni kweli. Halafu akatokea kijana mmoja kutoka chuo kikuu, msomi wa historia, ambaye alisikia habari za madaftari yangu akanitafuta. Nilimpeleka kilimani. Aliutazama ukuta kwa tochi kwa muda mrefu, akaniambia nisiguse chochote. Akasema kuna taa na kuna namna ya kupiga picha ambazo zinaweza kutenganisha weusi wa makaa na weusi wa moshi. Yeye angerudi navyo likizo ijayo. Kwa sasa moshi ukome na watu wasiingie. Nilifurahi sana. Baadaye nilijiuliza kwa nini nilifurahi kiasi kile.

Nilimjengea mukaka chumba kimoja cha mabati hatua ishirini kutoka pale. Nilijiona mtu mwema. Siku ya kuhama aliketi mlangoni pa nyumba yake na sufuria mapajani.

"Mwalimu, nyumba ya majani bila moto inakufaka," alisema. "Moshi njo inaichunga."

Nikamweleza, kwa sauti ile ninayotumia na watoto wa darasa la pili, kwamba moshi hautunzi kitu, ndio uliokuwa unaharibu ukuta, na kwamba ukuta ule ulikuwa na thamani kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Batu babili tunasema ukuta moja. Weye uko naona kalatasi," yaani watu wawili tunazungumza ukuta ule ule, na mimi naona karatasi tu. Akainuka akaenda kwenye mabati. Nikafunga mlango, nikatia kufuli, nikarudi Butembo nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Likizo ijayo haikuja. Uliingia uasi mwingine, huu wa utu uzima wangu, na baada yake mwingine, mpaka tukaacha kuuliza huyu ni wa nani. Chuo kilifungwa, kijana yule sikumsikia tena, na hata leo sijui kama alipotea au alisahau tu. Barabara ya Lubero ilijaa vizuizi. Mara moja nilijaribu kupita. Askari mmoja alilichukua daftari langu akaniuliza kwa Kilingala, "Ozali kokoma nini?" Nilimjibu kwamba ninaandika nyumba za zamani. Akafungua, akaona michoro ya vibanda na mafiga, akawaita wenzake wakacheka, akanirudishia daftari na kunirudisha nilikotoka. Nilikasirika mpaka jioni. Kumbe angeweza kulichoma.

Miaka ile niliishi peke yangu kuliko wakati wowote. Shule ilifunguliwa wiki moja, ikafungwa tatu. Nilikuwa nakaa katika nyumba yangu ya matofali, nikisikiliza mvua kwenye mabati, na wazo lililonipa usingizi lilikuwa lile moja: kule juu kuna neno limefungiwa salama, linanisubiri. Nililifikiria kufuli kama mtu mwingine anavyofikiria mke aliyeacha nyumbani. Sikumfikiria mukaka. Nakiri.

Nilifika tena baada ya masika ya nne. Nilitembea siku mbili, sehemu kwa pikipiki, sehemu kubwa kwa miguu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikaribia kabisa kabla sijaona. Mlango ulikuwa umesimama. Fremu yake ilikuwa ya mbao ngumu, na kufuli langu lilikuwa linaning'inia pale pale, limefungwa vizuri. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Nyasi, mchicha wa porini, na mashimo ya nguzo.

Nilizunguka nikapita pembeni, ingawa hapakuwa na haja ya kuzunguka. Nilikuta vipande vya miti, nikavivunja kwa vidole. Ndani vilikuwa unga. Wadudu walikuwa wamekula kila kitu ambacho zamani moshi ulikuwa unakitia uchungu, majani yakaoza kwa kukosa joto la kuyakausha, maji yakashuka ndani ya udongo. Mtoto yeyote wa kilima kile angeweza kunieleza. Na aliyenieleza alikuwa amenieleza. Lakini kitu kimoja kilinishangaza: ukuta ukianguka huacha kichuguu cha udongo, na pale palikuwa safi, kama pamefagiwa.

Mukaka alikuwa katika jiko jipya. Alikuwa amejijengea, kwa msaada wa wanawake wa kilima, kijumba cha miti na udongo na majani kuegemea chumba changu cha mabati, na moto ulikuwa unawaka ndani. Kuta zake zilikuwa laini, nyeusi nyeusi kidogo, hazina ufa hata mmoja. Nilimsalimu. Kisha nikamuuliza udongo wa nyumba ya zamani uko wapi.

Akaweka kiganja ukutani. Wanawake wa kwetu wote wanajua, na mimi niliyepima nyumba sitini sikuwahi kuandika: udongo mpya hupasuka, udongo uliokwisha kuwa ukuta haupasuki. Nyumba ikianguka, unavunja madongoa yake, unayatia maji, unayakanyaga kwa miguu pamoja na udongo mpya, unakandika nyumba inayofuata. Ule wa katekista ulikuwa nao umetoka kwenye nyumba ya mama yake. Mukaka alikuwa ameyakanyaga majina yote arobaini na mawili, na maneno yao ya makaa, siku nzima, kwa miguu yake mwenyewe, akiimba labda.

Nilipiga kelele. Sitaandika niliyoyasema. Nilimwita mjinga, mwanamke ambaye angeweza kuwa mama yangu, ndani ya jiko lake. Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa mule, kwamba lilibaki neno moja tu, nijue kama alikuwa anarudi kwetu au anatukimbia. Hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwake hata siku moja. Alikuwa anajua ninapenda ukuta. Hakujua kwa nini.

Alisubiri nimalize. Akasogeza kuni.

"Uliona jina ya baba yako siku ya kwanza," alisema. "Maji ilikuwa hapa. Kitambaa ilikuwa hapa. Mbona hapana futa?"

Nikasema habari za makaa, za taa, za msomi.

"Hapana. Ile ni ya msomi. Weye?"

Niliogopa. Kama ningefuta na kukuta Beni, ningejua baba alikufa njiani akija kwetu. Kama ningekuta Uganda, mama yangu angekuwa alikaa miaka yote ile mlangoni bure. Yule kijana alipokuja na habari za taa yake alinipa ruhusa ya kungoja, ndiyo maana nilifurahi. Niliitunza nyumba ile ili nisiisome. Nilimfukuza mwanamke kwenye moto wake ili woga wangu upate mahali pa kukaa, nikauita woga ule historia.

Nilimwomba msamaha. Alisema kwamba mwaka wa kwanza kwenye mabati ulikuwa mbaya, kwa sababu alikuwa anapika nje na jioni hakuna wa kusalimu. Alijaribu kuwasalimu hewani lakini bila ukuta hakujua aanzie wapi. Wakaanza kumpotea. Ukuta wa zamani ulipoanguka aliona afadhali awarudishe karibu na moto.

"Najua bako humu bote," alisema, "mais sijue nani iko wapi. Njo inaniumizaka."

Walikuwamo wote, lakini mahali pa kila mmoja palikuwa pamempotea, na ndipo nikakumbuka daftari. Lilikuwa kwenye mfuko wangu wa plastiki, lile lile ambalo askari walilicheka. Nikalifungua kwenye ukurasa wa majina, nikaanza kusoma kutoka upande wa mlango. Kwenye jina la kwanza alifumba macho. Kwenye la pili alikuwa amekwisha kulijua, tukalisema pamoja. Alikuwa anaweka kijiti kimoja motoni kwa kila jina, na baada ya kila jina alisema maneno yale aliyowaambia wote asubuhi za zamani walipokuwa wanainuka kwenda, bila kuwauliza wanachukua njia gani.

"Njia muzuri."

Nilipofika la thelathini na sita niliweka kidole chini yake. Daftarini nimeliandika jina, nikaandika "dereva", na kando yake kuna nafasi tupu niliyoiacha siku ile ya kwanza, upana wa neno moja. Bado ni tupu. Nikasoma.

"Njia muzuri," mukaka akasema, akaweka kijiti chake, akangoja jina linalofuata.

Amekwisha kufa sasa. Jiko lilirithiwa na mjukuu wa ndugu yake, naye anapika mule kila siku. Kila ninapoweza kupanda pikipiki nakwenda na daftari nasoma, na yeye anaweka vijiti, ingawa nadhani ananivumilia tu. Moshi ukinizidi najifuta macho. Kufuli nililolitoa kwenye mlango ule sijalitumia tena mahali popote.